Dawa ya Pili ni Kukohoa

Mke wangu ni msusi, na hapa mtaani hakuna anayemwita kwa jina lake. Wanamwita Chanuo, hata mimi. Jina hilo alilipata kwa sababu chanuo halimtoki. Kama haliko mkononi, limechomekwa nyuma ya sikio kama penseli ya seremala, na mara mbili nimelikuta kitandani limenichoma ubavu.

Saluni yake ni chumba kimoja. Kina viti viwili nilivyovishona mimi mwenyewe, kwa kuwa kazi yangu ni kushona makochi, kina beseni la kuoshea, kioo kirefu chenye ufa pembeni, na dirisha moja la barabarani. Anafanya kazi na dada yangu, yaani wifi yake, na wote wawili hawajui kunyamaza. Mtu akiingia ana huzuni hutoka ana nywele nzuri na habari za mtaa mzima. Mimi nikipita hapo huingia kimya, nikakaa kwenye kigoda, na baada ya saa nzima dada yangu huuliza, "Kaka, kumbe upo?"

Watu wanaujua mdomo wa Chanuo na wanaijua mikono yake. Kifua chake hawakukijua, maana alikificha. Akiwa mdogo aliugua surua, ikamwachia homa ya mapafu, na homa hiyo ikamwachia mirija ya hewa iliyolegea upande wa kushoto, kama lastiki iliyovutwa mno ikakataa kurudi. Tangu hapo alikuwa na makohozi kila siku. Dawa za kikohozi alizimeza kwa wingi, na kwa aibu alikuwa na ujanja wake. Kikohozi kikimjia katikati ya kazi, aliwasha mashine ya kukaushia nywele, ikavuma, akakohoa ndani ya kelele yake. Wateja walidhani anapenda nywele zikauke vizuri.

Ujanja huo ulifika mwisho siku aliposhindwa kupanda ngazi za nyumbani kwetu, ngazi ambazo siku zote huzipanda akiimba. Alikaa katikati yake akashika ubavu. Nilimpeleka hospitali, kliniki ya kifua.

Daktari wa kifua ni mama wa makamo, mpole, mwenye nywele fupi za mvi alizozikata mwenyewe vibaya. Nilimwona Chanuo akizitazama hizo nywele kabla hata ya kusalimia. Daktari aliitundika picha ya eksirei kwenye taa, akatuonyesha. Penye hewa, picha huwa nyeusi. Upande wa kulia ulikuwa mweusi mzima. Upande wa kushoto, chini, palikuwa na pembe nyeupe, ndogo, iliyojikunja.

"Hiki ni kipande cha chini cha pafu la kushoto," alisema. "Ute umekauka kwenye mrija wake mkubwa, umekuwa kizibo. Hewa haiingii, na kipande kimejikunja. Mpasuaji ameiona picha hii. Anasema tukikiacha kitaoza na kuharibu na jirani zake, na anataka kukikata."

"Kukikata," alisema Chanuo, "kama ncha za nywele zilizopasuka."

"Kama hivyo."

"Daktari, pafu halioti tena. Na mimi kazi yangu ni ya kusimama mchana kutwa na mikono juu."

"Ndiyo maana nimemwomba miezi miwili. Tukikifungua, hakati. Tusipokifungua, utalala kwenye meza yake."

Chanuo hakulia. Alivuta kiti mbele, akaweka viwiko mezani, akauliza swali ambalo amekuwa akiniuliza mimi miaka yote. Haya makohozi ni kitu gani hasa?

Daktari alionekana kufurahi, kama mtu aliyeulizwa habari za wanawe. Alisema kila mtu ana ute kifuani, na ute ni rafiki. Karibu wote ni maji. Kinachoufanya uwe ute usiwe maji ni protini chache, ndefu kupita kiasi. Kila moja ina umbo la ile brashi ya kuoshea chupa, uti katikati na nywele pande zote. Nywele hizo ni sukari, na kazi yake ni kushika maji. Kisha brashi zimefungwa ncha kwa ncha kwa vifungo vya salfa, zikawa uzi, nyuzi zikawa wavu. Vumbi na vijidudu tunavyovuta vinanaswa kwenye wavu huo. Chini yake, kwenye ukuta wa mrija, kuna vijinywele visivyoonekana kwa macho, vinapiga makasia mfululizo kuusukuma wavu juu hadi kooni, nasi tunaumeza bila kujua.

"Wako umepungukiwa maji," alisema. "Ukipungukiwa maji, nyuzi zinabanana. Zikibanana na kukaa muda mrefu, vifungo vya salfa vinaongezeka. Wavu unakuwa mkeka, na makasia yanashindwa kuusukuma."

"Nywele kavu," alisema Chanuo. "Zisizochanwa."

"Sijui nywele."

"Nimeona," alisema Chanuo, na mimi nikatazama chini. Lakini daktari alicheka.

Wakampeleka kwenye chumba cha pili ili ajaribiwe dawa, kwa sababu vifua vingine huikataa, vikabana. Dawa yenyewe ni maji yaliyowekwa kwenye kikombe cha mashine ndogo, mashine ikayageuza ukungu, mgonjwa akauvuta kwa mdomo. Muuguzi alipovunja kichupa, harufu ya yai viza ikajaa chumba kizima. Mimi niliziba pua. Chanuo alivuta pumzi kama mtu aliyesikia harufu ya jikoni kwao.

"Hii naijua," alisema. "Hii ni ndugu yake dawa ya mawimbi."

Daktari alimtazama. "Dawa ya nini?"

"Ya kutia nywele mawimbi. Unapaka, nywele zinalegea, unazizungushia rola. Inanuka hivi hivi."

Ikawa zamu ya daktari kuvuta kiti. Akasema ni kweli, si masihara. Nywele nazo ni protini, nazo zimefungwa kwa vifungo vya salfa, na dawa zote mbili kazi yake ni ile ile, kukata vifungo hivyo. Harufu ile ni ya salfa. Chanuo alinigeukia na uso wa mtu aliyekuta jamaa yake ugenini.

"Sisi tuna dawa ya pili pia," alisema. "Ya kwanza inafungua, ya pili inafunga tena mawimbi yakae. Ninyi ya pili yenu iko wapi?"

"Ya pili ni kukohoa," alisema daktari.

Chanuo alicheka sana. Alidhani ni utani, na hapo ndipo kosa lilipoanzia.

Tulirudi nyumbani na mashine ya kuazimwa na kazi mpya. Muuguzi alikuwa amenifundisha kumpiga mgongo. Mgonjwa analala kifudifudi, kichwa chini kuliko kiuno, na wewe unakunja viganja kama unayeteka maji, unampigapiga ubavuni, pu, pu, pu, mpaka makohozi yatikisike. Nilitengeneza benchi la mteremko, nikalitia sponji na ngozi ya bandia iliyobaki kwenye kochi la mtu. Nadhani ndilo benchi zuri kuliko yote niliyowahi kushona.

Tulianza kila asubuhi kabla ya kazi. Haukupita muda mrefu, mlango ukagongwa kwa nguvu. Alikuwa mama mwenye nyumba, ambaye chumba chake kinapakana na chetu.

"Fundi," alisema, bila salamu, "nimekaa nawe miaka yote hii nikidhani una haya. Kumbe haya zako zinaishia mlangoni."

Nilisimama na viganja vyangu bado vimekunjwa. Chanuo akatokea nyuma yangu amejifunga shuka, uso umemwiva kwa kulala kichwa chini.

"Mama, shikamoo. Unamgombeza nani?"

"Marahaba. Huyu mumeo. Usimfunike, mwanangu. Ukuta wangu ni mwembamba. Kila asubuhi, pu, pu, pu."

"Na mimi unanisikia nikilia?"

Mama mwenye nyumba alifikiri. "Hapana. Nakusikia ukisema, 'Shuka kidogo, hapo hapo.' Ndiyo maana nilichelewa kuja. Nilichanganyikiwa."

Chanuo alicheka mpaka akakohoa, na alipokohoa, mama akaelewa nusu. Nusu ya pili ilibidi aonyeshwe. Mama aliketi kitandani akaniambia nipige mto, nikapiga mto, masikio yananiwaka moto.

"Kumbe ndivyo," alisema. "Basi mpige sawasawa. Mbona unampapasa kama unafuta vumbi?"

Tangu siku hiyo nilipiga sawasawa. Lakini mpangilio wa kazi ulikuwa wa Chanuo. Muuguzi alikuwa amesema kwanza dawa, kisha mgongo, kisha kukohoa. Chanuo alisikia, akaurekebisha. "Akili ni nywele, kila mtu ana zake," aliniambia. "Huwezi kupaka dawa kwenye nywele zilizofungamana. Unachana kwanza, unagawa mafungu, halafu unapaka. Ukishapaka, mteja anavaa kofia ya nailoni, anatulia, asitikise kichwa. Dawa haitaki kusumbuliwa." Mimi ni mtu wa makochi, na makochi hayana mapafu. Nilimwamini. Nikawa nampiga mgongo kwanza, anakohoa kidogo kilichopo, kisha anavuta dawa yake ya yai viza, kisha analala chali, mikono kifuani, ametulia kama mteja mwema, mpaka muda wa kwenda saluni.

Wiki tatu za kwanza alisema anajisikia mwepesi. Wiki ya nne kifua kilianza kuchemka kama sufuria, ukiweka sikio unasikia. Alisema ni dawa inafanya kazi. Siku iliyofuata alikuwa na homa, midomo imebadilika rangi, na maneno yake yakawa mafupi, mawili mawili. Hapo ndipo nilipoogopa. Chanuo wa maneno mawili sikuwahi kumwona. Mama mwenye nyumba naye alikuja kuuliza mbona ukuta umekaa kimya, akatusaidia kushuka ngazi.

Walimlaza, wakamtia dawa za vijidudu kwenye mshipa. Mpasuaji, kijana mrefu mwenye viatu vinavyolia, alipita akasoma picha mpya, akatingisha kichwa akaondoka. Kisha daktari wa kifua akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Nielezeni mnavyofanya," alisema. "Tangu mwanzo."

Chanuo hakuwa na pumzi ya hadithi, kwa hiyo nikaeleza mimi. Benchi, mgongo, dawa, kulala chali. Nilipofika kwenye kulala chali daktari aliweka kalamu chini.

"Nani aliwapangia hivyo?"

Chanuo aliinua kidole kwenye shuka. "Mimi. Chana kwanza. Dawa baadaye. Usiguse."

Daktari hakumkaripia. Alisema, "Mteja umempaka dawa yako ya mawimbi. Muda umefika, hukumsuuza, umemwacha aende nayo nyumbani. Kesho anarudi na nini?"

Chanuo alifikiri. "Anarudi na kofia ya kuficha upara," alisema. "Na mume wake nyuma."

"Basi kifua chako ndicho hicho, hakijasuuzwa. Dawa inakata vifungo, lakini haibebi kitu. Mkeka umelegea, umekuwa uji, na kwa kuwa umelala chali, uji umeteremka kwenye mirija midogo na kukaa huko na vijidudu vyake. Makasia yako ya upande ule ni dhaifu, hayawezi kuupandisha peke yake. Yanataka mgongo upigwe, na yanataka ukohoe. Nilikwambia dawa ya pili ni nini."

"Nilidhani unanitania, daktari."

"Mimi sijui kutania. Waulize wauguzi."

Akaongeza kwamba tarehe ya mpasuaji haitasogea. Tulikuwa tumekula nusu ya muda wetu.

Nilitegemea Chanuo atanyong'onyea. Badala yake, homa iliposhuka alikuwa wa kwanza kuamka wodini, na aliporudi nyumbani aligeuza kila kitu juu chini. Sasa ilikuwa dawa kwanza, kisha benchi, kisha kukohoa. Na kukohoa kwenyewe alifundishwa upya. Si kule kukohoa kwa kubana koo na kukaza mishipa ya shingo, kwani huko hufunga mirija. Ni kuhema kwa nguvu na mdomo wazi, haa, kama unavyopulizia kioo kabla ya kukifuta.

"Kioo ninacho," alisema Chanuo.

Kwa kuwa mara moja kwa siku haikutosha, mashine ikahamia saluni. Ukungu aliuvuta nyuma ya pazia, mchana, wateja wakijipepea na kulaumu yai lisilokuwepo. Dirisha likawa wazi siku zote, na feni ikageuzwa itoe harufu za dawa nje, maana daktari alisema kifua kile hakitaki moshi wa aina yoyote. Kisha alitoka, akasimama mbele ya kioo chake kirefu mbele ya watu, akapuliza, haa, haa, kioo kikafunikwa ukungu, akakohoa kwenye kikombe chenye kifuniko, akafuta kioo kwa kitambaa. Mashine ya kukaushia nywele ilibaki kwenye ndoano yake.

Siku ya kwanza mteja mmoja alikunja uso.

"Unaona kinyaa?" Chanuo alimwuliza, akirudi kwenye nywele zake baada ya kunawa mikono.

"Kidogo."

"Wewe unao kama huu huu. Tofauti ni kwamba wako unaumeza."

"Wifi," alisema dada yangu, "utatufukuzia watu."

"Wataenda wapi? Huko kwingine wanachomwa masikio."

Hawakwenda. Wengine walianza kumhesabia pumzi. Lakini wiki zilipita, kikombe kikapata makohozi mengi, na ile pembe ya ubavuni ilikuwa bado imenyamaza. Kila asubuhi niliweka sikio langu mgongoni kwake kabla ya kuanza. Kulia nilisikia upepo, na kushoto chini hakukuwa na kitu, ni kama kusikiliza godoro. Sikumwambia. Aliniuliza kila siku, "Vipi, Fundi?" nami nikasema, "Bado kidogo," naye akasema, "Basi piga."

Ilibaki siku chache ile tarehe ifike. Nilikuwa saluni, nimepiga magoti, nabadilisha ngozi ya kiti. Kwenye kiti cha pili alikaa mwalimu wa shule ya jirani, kichwa kizima rola, dawa ya mawimbi imeshapakwa, kofia ya nailoni imevaliwa. Chanuo alikuwa ametoka nyuma ya pazia. Alipuliza kioo mara moja. Alipuliza mara ya pili, akasita. Akashika meza. Nilimwona machoni kwenye kioo, na kwa mara ya kwanza niliona hofu humo. Hakuweza kuvuta pumzi wala kuitoa.

Niliinuka. Sikukumbuka kama nina haya wala kama kuna watu. Nilimwinamisha juu ya kile kiti kisicho na ngozi, kichwa chini, nikakunja viganja, nikapiga pale ninapopajua kuliko sehemu yoyote ya dunia. Dada yangu alishika kikombe. Chanuo alitoa sauti kama ya mtu anayeng'oa kisiki, kisha kitu kikatoka.

Halafu akavuta pumzi, ndefu, ikaingia na kuendelea kuingia, na mkono wake ukaenda wenyewe ubavuni kushoto, kama mtu aliyeguswa na mgeni.

Dada yangu alichungulia kwenye kikombe. "Wifi," alisema polepole, "umetoa mti."

Ulikuwa mti kweli. Niliumiminia maji kidogo, ukajikunjua. Ulikuwa na shina nene kama kidole cha mtoto, rangi ya nta, na matawi, na matawi yakagawanyika vijitawi. Ni umbo la ndani ya pafu lake, limechongwa na ute wake mwenyewe. Mwalimu aliinuka na rola zake akaja kutazama, akasema hajawahi kuona picha ya kitabu ikitoka mdomoni mwa mtu.

Chanuo alifuta macho, akanawa mikono hadi viwikoni. "Wifi," alisema, "muda wa mwalimu umekwisha. Msuuze."

"Mimi sina haraka," alisema mwalimu.

"Wewe huna. Nywele zako zinayo."

Tuliupeleka mti hospitali ndani ya kichupa. Daktari aliupokea kwa mikono miwili, akaita wenzake. Kisha akatundika picha mbili kwenye taa, ya zamani na mpya. Ile pembe nyeupe ilikuwa imekunjuka ikawa nyeusi karibu yote, imebaki mistari michache kama alama za chanuo. Mpasuaji akaja na viatu vyake, akatazama kwa muda, akasema, "Hapa sina kazi," akaenda zake.

"Kipande hakikatwi," alisema daktari. "Lakini nikwambie ukweli. Mirija iliyolegea haitakaza tena. Wavu utatengenezwa kila siku, na kila siku uusuuze, maisha yako yote."

"Nywele nazo huota kila siku," alisema Chanuo. "Ndiyo maana nina kazi." Akamtazama daktari kichwani, akashindwa kujizuia. "Na wewe, mama, njoo Jumamosi. Hizo ncha siwezi kuziacha hivyo."

Alikuja. Alikaa kwenye kiti kipya, akavuliwa koti, na Chanuo alizungumza saa mbili bila kusimama kupumzika.

Asubuhi za siku hizi tunafanya kama tulivyofundishwa, dawa, mgongo, kioo. Naweka sikio kushoto chini, nasikia upepo kidogo, wa mbali, lakini ni upepo. Tukichelewa kuanza, kwa usingizi au uvivu wangu, ukuta hugongwa kutoka upande wa pili.

"Fundi," husema mama mwenye nyumba, "kumekucha. Mbona humpigi mkeo?"